Mbu Wanaojua Kufa

Ukimuuliza Rabia anafanya kazi wapi, atakwambia yuko taasisi, na kama wewe ni mtu wa Ifakara utaridhika hapo, kwa sababu mjini kwetu hilo ni jibu kamili. Wako wanaodhani ni karani, wako wanaodhani ni nesi. Ukweli ni kwamba anafuga mbu. Anawalisha, anawabadilishia maji, anawawashia taa asubuhi na jioni anaififisha kidogo kidogo ili wadhani jua linazama, na mwisho wa yote anawatoa wakauawe. Haina tofauti kubwa na kufuga kuku, ila mfuga kuku hatakiwi kuingiza mkono wake bandani ili kuku wapate kula.

Taasisi yenyewe iko pembeni ya mji, nyuma ya miti, na shughuli yake ni utafiti wa magonjwa. Si hospitali, si chuo, si ofisi ya serikali. Inajitegemea, ina bodi yake, na fedha zake inazitafuta yenyewe kwa kuandika maombi marefu. Hali hiyo inawasumbua wale wanaopenda kujua mapema watamlalamikia nani. Wengine tumeizoea. Magari yake yanapita kwenda vijijini, vijana wake wanabisha hodi kuomba kutega mitego vyumbani mwa watu, na ukimwona mgeni amechuchumaa kando ya dimbwi, anachota maji kwa upawa na kuyakodolea macho, humdhanii kichaa. Unajua ni wa taasisi.

Rabia si mzaliwa wa hapa. Alizaliwa kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, upande wa Kidatu, ambako baba yake alifika kukata miwa akitokea Kigoma, kwa nia ya kukaa msimu mmoja. Msimu huo haujaisha. Kambini majirani walitoka kila mkoa na kila dini, na Rabia akajifunza mapema kukaa na watu bila kuwauliza maswali mengi, tabia ambayo baadaye ilimfaa sana kwa mbu. Alikuja Ifakara kusomea mambo ya maabara, akapata mkataba wa muda kwenye taasisi, na kama ilivyo desturi ya mikataba ya utafiti, muda ule umekuwa ukiongezwa hadi ameolewa na kuzaa.

Mumewe ni Seifu, mwenye duka mtaa wa Mlabani. Babu zake walitoka Kilwa na vitambaa, wakasimama Ifakara kupumzika. Duka lake linauza kila kitu kinachoweza kutundikwa au kurundikwa, na wakati wa masika kinachotoka kwa wingi ni dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kijani iliyojiviringisha kama konokono. Kwa hiyo nyumba ile inakula pande zote mbili: mke analea mbu, mume anauza cha kuwafukuza. Seifu haoni tatizo lolote hapo.

"Yeye asipofuga, mimi nitamuuzia nani?" huwaambia wateja. Wateja hucheka, na mmoja wawili huondoka wakiwa wameamini.

Asiyeona kichekesho alikuwa mama yake, Bi Salha, anayekaa nao. Bi Salha aliugua malaria ya kila namna katika maisha yake, na alikuwa na haki ya kushangaa kwamba mtu anaweza kulipwa kwa kuwatunza wanaoileta.

"Wakwe wa wenzangu wanashona, wanapika maandazi, mmoja mwalimu," alisema siku moja kwenye harusi, na Rabia akiwa amekaa papo hapo. "Wangu anafuga mbu. Na mshahara wanampa."

Kisha likatokea jambo la harufu. Viluwiluwi vya mbu pale kazini hulishwa chakula cha samaki wa mapambo kilichosagwa, na ukishinda chumbani humo kutwa nzima unatoka umechukua kitu fulani cha dagaa. Waridi, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hajawahi kuacha neno likae mdomoni mpaka lipoe, alikuja dukani kununua chumvi akamkuta Bi Salha ameketi kwenye benchi.

"Mkwe wako siku hizi ananuka dagaa, Bi Salha. Au taasisi wamefungua genge?"

Bi Salha alikuwa na maoni yake juu ya mkwe wake, lakini yalikuwa maoni ya ndani ya nyumba. Hakuyatengeneza ili Waridi ayatumie. Alimpa chumvi yake, akamwambia karibu tena, na jioni ile ile akatoa chetezo, akalifunika tenga juu yake, akatandaza gauni na mtandio wa kazini wa Rabia, akavifukiza udi. Asubuhi Rabia alivikuta vimekunjwa juu ya kiti, vinanukia kama vya bibi harusi. Bi Salha hakusema kitu, na Rabia hakuuliza. Lakini kwa mwanamke aliyekaa miaka yote nyumbani mle akiitwa "huyo wa taasisi", mtandio ule ulisema mengi kuliko hotuba. Aliuvaa akapanda baiskeli yake akaenda kazini taratibu, ili upepo usiuharibu.

Hapo sasa lazima nieleze ni mbu gani hasa aliokuwa anawatunza, maana si mbu hivi hivi.

Mbu wa bonde la Kilombero wa siku hizi ni wagumu. Wamezaliwa kati ya vyandarua vyenye dawa, wamepuliziwa, wamefukizwa, na waliobaki ni wajukuu wa wale walioshindikana. Ukitaka kujua kama chandarua kipya kina dawa ya kutosha, huwezi kuwauliza hao. Hata kikiwa kizima watatua juu yake na kuondoka. Unahitaji mbu wa kizamani, laini, asiyejua chochote, anayekufa akigusa dawa kama inavyoandikwa kwenye vitabu. Akifa, chandarua ni kizima. Asipokufa, kirudishwe kiwandani. Ndipo unamleta yule mgumu wa leo na kuona tofauti.

Taasisi inao mbu wa namna hiyo. Mababu zao walikamatwa zamani kwenye nyumba za wakulima wa mpunga kule Mchombe, kabla mbu wa bonde hawajawa sugu, na tangu hapo wamezaliana vizimbani bila kuiona dawa hata siku moja. Wanaitwa ukoo wa Mchombe. Huwezi kwenda Mchombe leo kukamata wengine wa aina ile. Hawapo, wamebaki wale wagumu. Huko ng'ambo unaweza kuomba mbu laini wa maabara nyingine, lakini watakuwa wa ukoo mwingine, na vipimo vya miaka yote vingebaki havina cha kulinganishwa nacho. Kwa hiyo vizimba vile vya wavu, katika chumba chenye joto na unyevu ambamo shati hukauka likiwa limevuliwa tu, vilikuwa vimebeba kitu ambacho hakiko popote pengine duniani: mbu wanaojua kufa. Na mtu wa kuwahifadhi wasife alikuwa Rabia.

Alisaidiana na Gosbert, kijana wa mtaa wa Viwanja Sitini, mcheshi, mwenye kofia ya timu yake asiyoivua. Kila mmoja alikuwa na rafu yake ya vizimba. Juu yao alikuwepo Dokta Dorotea, mkuu wa kitengo, mwanamke wa Mahenge anayezungumza kwa sauti ya chini hivi kwamba watu humsogelea, na wakishamsogelea inakuwa vigumu kumkatalia.

Mlangoni pa chumba kile pana kanuni zimebandikwa. Usiingie na manukato. Usiingie umejipaka mafuta ya kufukuza mbu. Usipulize dawa yoyote. Koti jeupe libaki hapa hapa. Rabia alizijua kanuni zile kwa moyo. Wageni walipokuja yeye ndiye aliyewasomea. Na kwa moyo safi kabisa aliwasomea hivyo huku mtandio wake ukinukia udi. Kwake manukato yalikuwa vile vitu vya chupa ambavyo wasichana wa ofisini hujinyunyizia. Udi ni udi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anajipaka kitu kwa kuwa nyumba yao inanukia.

Na kwa miezi mbu hawakulalamika.

Masika ilipoanza, mto Lumemo ukajaa, barabara za mtaani zikawa za kupimwa kwa kijiti kabla ya kuvuka, na mbu wa Rabia wakaanza kufa.

Mwanzoni walikuwa wachache. Asubuhi unawakuta chini ya kizimba, wamelala chali, miguu juu, kama makapi ya mpunga. Rabia akadhani ni wazee. Wiki iliyofuata makapi yakaongezeka. Majike hayakukaa hai mpaka kutaga, na majike yasipotaga hakuna kizazi kinachofuata, na kizazi kisipofuata hapo tena hakuna ukoo, kuna masimulizi. Wakati huo huo kampuni moja ilikuwa inaleta aina mpya ya chandarua kupimwa baada ya mvua, na upimaji ule ndio uliokuwa ulipie mikataba ya kitengo kizima.

Dokta Dorotea alifanya kama walivyo watu wa kazi hiyo: alishuku kila kitu, kimoja kimoja, kwa adabu. Maji yakabadilishwa. Pamba ya maji ya sukari ikabadilishwa. Chakula cha samaki kikafunguliwa kopo jipya. Fundi akaja kuangalia joto na kuondoka akisema joto ni zuri, jambo ambalo kila aliyekuwa anatokwa jasho alikwisha kuligundua. Mbu wakaendelea kufa. Ila walikufa kwa mpangilio: rafu ya Rabia zaidi, rafu ya Gosbert kidogo.

Hakuna aliyemshtaki Rabia waziwazi. Hilo ndilo lilikuwa baya. Rabia aliona wanavyomsemesha kwa upole, kama mtu aliyefiwa, na akajua wanaongea akitoka.

Mwishowe Dokta Dorotea akamwita.

"Rabia, nafikiria upumzike kidogo chumba kile. Nenda upande wa mbu sugu kwa muda."

Mbu sugu ni wale wagumu wa leo, wa chumba cha pili, ambao huwezi kuwaua hata ukidhamiria. Kumpeleka mtu kule ni kama kumwondoa mpishi jikoni ukamkabidhi ghala la mawe.

"Unadhani ni mimi," alisema Rabia.

"Sijui ni nini. Ndiyo maana nabadilisha kitu kimoja kimoja."

"Basi kabla hujanibadilisha, nipime."

Dokta Dorotea alimtazama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki alisema kwamba akipimwa Rabia watapimwa wote. Kesho yake kila mtu wa kitengo alitoa kitu anachovaa. Kipimo ni rahisi: unaweka kitambaa ndani ya bomba la plastiki, unaingiza mbu, unasubiri, unaangalia nani kaanguka. Dokta alianza na kitambaa chake cha kichwani. Mbu wakatembea juu yake kama wamekuja kukinunua. Gosbert akatoa kofia yake.

"Hii hapana," alisema mwenzake mmoja. "Tutawaua wote, halafu tumsingizie Rabia."

Mbu walikaa juu ya kofia ya Gosbert wakiwa na afya njema, jambo lililomshangaza kila aliyewahi kuisogelea.

Ukaingizwa ukingo wa mtandio wa Rabia. Mbu mmoja akatua, akanyanyua mguu, akaanguka. Wa pili akaanguka. Punde chini ya bomba wakawa wamelala wote.

"Dada Rabia," alisema Gosbert, "umefulia nini hicho?"

"Sabuni ya mche."

"Basi taasisi ifunge kazi, tuuze sabuni ya mche."

"Gosbert," alisema Dokta, kumkanya. "Rabia, kinanukia."

"Udi tu, Dokta."

"Udi si manukato?"

"Udi ni udi."

Dokta Dorotea alilifikiria hilo kwa heshima zote. "Sisi kanisani tunafukiza ubani kila Jumapili," alisema, "na mbu wanaingia misa na kutoka. Sidhani. Lakini niletee huo udi."

Rabia akaleta vipande vya udi kutoka kwenye kopo la mama mkwe, wakafukiza kitambaa kipya juu ya mkaa nje ya jengo, wakakipima. Mbu wakaishi. Wakarudia. Wakaishi tena. Kwa hiyo udi hauna hatia, mtandio una hatia, na kati ya udi na mtandio kulikuwa na mtu mmoja tu.

Jumamosi alasiri mvua ilikata kidogo, na Rabia alimkuta Bi Salha barazani nyuma, na chetezo chake, na tenga, na gauni la wiki inayokuja. Akaketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekaa kama mtu anayetaka kuomba talaka."

"Nakutazama tu unavyofanya."

"Ulikuwa umelala siku zote?" Lakini alifurahi, ilionekana. Alivuta kopo la maziwa la zamani, akatoa vipande vya kijani vilivyopinda, akavipanga ndani ya chetezo, akaviwasha, na juu yake akaweka udi.

Rabia alivitazama vile vipande. Alivijua. Alilala chumba kilichopakana na stoo ya duka la Seifu.

"Mama, hivyo si mkaa."

"Mkaa wa masika unawaka? Unalia tu. Hivi vinashika moto pole pole, havizimiki, udi unaiva vizuri." Akakigeuza kimoja. "Kila boksi linafika na vilivyovunjika njiani, nani atanunua kipande? Seifu alitaka kuvitupa. Nikamwambia leta."

Moshi ulipanda chini ya gauni, mweupe, wenye harufu mbili ambazo pua ya Rabia ilikuwa imezizoea zote mbili tangu siku ya kwanza aliyoingia nyumba ile.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema gauni la kazini taasisi wametoa jingine, akaficha mtandio mwingine kwenye mkoba. Lakini akinyamaza moshi utaendelea, kwa gauni, kwa shuka, kwa kanga za watoto. Na akisema, atakuwa ameirudisha zawadi pekee aliyowahi kupewa na mama huyu, tena akiwa ameiandikia sababu. Alikaa hapo mpaka kipande cha kwanza kikaisha.

"Mama, mbu wangu wanakufa."

"Nimesikia. Seifu alisema. Pole."

"Ni huu moshi. Hizi ni dawa za mbu, mama. Zinaingia kwenye nguo, nguo inaingia kule ndani."

Bi Salha aliacha kugeuza. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yakae sawasawa kabla ya kuyajibu.

"Kwa hiyo nimeua mbu."

"Ndiyo, mama."

"Na ni kosa."

"Kwa wale, ndiyo."

"Mimi," alisema Bi Salha, "nimezaliwa Ifakara hii. Nimelazwa kwa malaria, nimezika kwa malaria. Nimewapiga mbu kwa kanga, kwa kiatu, kwa mkono. Nimefika umri huu, nimewaua kwa udi bila hata kukusudia, na sasa naambiwa niombe radhi."

"Sijasema uombe radhi."

"Wamebaki wangapi?"

"Wachache. Na mayai kidogo kwenye karatasi."

"Na hao ndio wa kupimia chandarua? Kile wanachogawa kliniki?"

"Hicho hicho. Wakiisha hao, chandarua kibovu na kizima tutaviona sawa."

Bi Salha akamwagia maji chetezo. Kikafanya shii, na hilo ndilo likawa jibu lake la siku ile.

Siku zilizofuata hakufukiza kitu chochote, si cha Rabia wala chake mwenyewe. Nyumba haikunukia. Seifu alirudi kutoka msikitini Ijumaa akasimama ukumbini akinusa.

"Humu ndani kuna nini? Kunanuka kama dukani."

"Ndivyo kulivyokuwa siku zote," alisema mama yake. "Ulikuwa unafunikiwa kwa udi."

Na hapo ndipo lilipojitokeza tatizo lenyewe, kwani Rabia alileta nguo iliyofuliwa nyumbani na isiyofukizwa, wakaipima, na mbu wawili watatu wakalegea. Stoo ya duka ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kila kabati la nyumba ile lilikuwa limekaa na dawa za mbu kwa miaka. Seifu alisema atahamisha stoo, na aliposema hivyo alikuwa anatazama dari, jinsi wanaume wanavyofanya wanapoahidi kitu cha mwakani. Dokta Dorotea alisema Rabia akivua nguo za nyumbani na kuvaa za taasisi itasaidia, lakini mtandio utatoka wapi, na gauni la ndani litakauka wapi, na masika ndiyo kwanza imekolea. Barua ya kumhamishia kwa mbu sugu ilikuwa imeshachapwa, imesubirishwa tu.

Jumapili Bi Salha alivaa baibui lake jipya, akatoka, akarudi baada ya muda mrefu. Aliketi, akavua viatu, akasema kana kwamba anaongea na viatu.

"Nguo zako za kazini zitakaa kwa Waridi."

Rabia alidhani hakusikia vizuri. "Kwa Waridi yupi?"

"Tuna Waridi wangapi? Upande wake uko mbali na stoo, na hawachomi dawa, kifua cha mjukuu hakitaki moshi. Ana kabati la chumba cha nyuma, na kamba iko chini ya bati. Utapitia asubuhi, utavalia kule, jioni utavulia kule."

"Mama, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia ukweli. Nilimwambia mkwe wangu ana kazi kubwa, inataka nguo safi kuliko nyumba yangu." Akavisukuma viatu kando. "Alinipa chai. Akaniuliza mara tatu, 'Safi kuliko ya kwako, Bi Salha?' Nikamwambia ndiyo. Mara ya tatu nikamwambia niongezee sukari."

Habari ilifika sokoni kabla ya adhuhuri ya kesho yake, kama ilivyotarajiwa. Waridi aliieleza vizuri na kwa urefu. Bi Salha alipita katikati ya habari hiyo wiki nzima akinunua nyanya.

Kazini kulibaki karatasi yenye mayai, madogo na meusi kama vumbi la penseli, na majike machache yaliyokuwa hai kwa sababu ambazo hata Dokta hakujaribu kuzieleza. Rabia alioga, akavaa nguo za kutoka kwa Waridi, akayaweka mayai majini. Yakaanguliwa, si yote. Aliwapunguzia viluwiluwi chakula wasijichafulie maji, akawaongezea, akawatenganisha wakubwa na wadogo wasije wakalana. Rafu ya Gosbert nayo ilikuwa imepukutika, maana Rabia alikuwa akiipitia akimsaidia, ikabaki kuwa akiba tu, naye Gosbert akaacha utani kwa siku kadhaa, na hapo ndipo Rabia alipojua hali ni mbaya kiasi gani.

Nyumbani, kila jioni alipoingia, Bi Salha alikuwa na swali moja, la kuulizia wagonjwa.

"Wako wameamkaje?"

"Wanakula."

"Wanaokula hawafi," alisema Bi Salha, ambaye alikuwa amekwisha kuwazika wengi waliokula vizuri.

Walipoota mabawa walikuwa wachache kizimbani hata ungeona aibu kuwaita ukoo. Rabia alififisha taa kidogo kidogo. Madume yakapanda juu kizimbani, yakaanza kucheza pamoja kwenye mwanga ule wa mwisho, wingu dogo linalopanda na kushuka mahali pamoja, na majike yakaingia katikati yake moja moja. Gosbert na Dokta Dorotea walikuwa wamesimama nyuma ya Rabia bila kuulizana kwa nini hawajaenda nyumbani. Siku chache baadaye karatasi ilijaa. Kizazi kilichofuata kilijaza kizimba, na kilichofuata hicho kikajaza rafu. Barua ya uhamisho Dokta aliitumia upande wa nyuma kuandika ratiba ya usafi.

Kanuni za mlangoni ziliongezewa mstari mmoja: usiingie na nguo iliyofukizwa kitu chochote. Rabia ndiye aliyeutunga. Wageni wa kutoka mbali wakiusoma humuuliza maana yake, naye huwaeleza kwa kifupi, bila kutaja nyumba ya nani.

Mvua ilipokwisha, vyandarua vipya vikafika. Waliweka vipande chini ya vikombe vya plastiki, wakaingiza mbu wa ukoo wa Mchombe, wakasubiri. Wakaanguka. Kesho yake asubuhi walikuwa wamekufa wote, chali, kwa ukamilifu uliomfanya Gosbert avue kofia kwa hiari yake, jambo la kihistoria. Wale wa kulinganishia, waliowekwa juu ya wavu usio na dawa, walikuwa wanaruka. Ndipo walipoletwa mbu wagumu wa leo, wale waliozaliwa kati ya vyandarua. Hao nao wakaanguka, si wote, lakini wengi, wengi kuliko Dokta Dorotea alivyowahi kuona kwa chandarua chochote, na akaagiza kipimo kirudiwe, maana furaha yake ilikuwa ni ya namna hiyo.

Kilirudiwa. Jibu lilikuwa lile lile.

Rabia alipitia kwa Waridi, akabadilisha nguo, akaelezwa bei ya vitunguu na ndoa ya mtu, akafika nyumbani jua likiwa bado liko. Bi Salha alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Wako wameamkaje?"

"Wamekufa, mama. Wote."

Mkono wa Bi Salha ulisimama juu ya mchele. "Vizuri au vibaya?"

"Vizuri."

"Alhamdulillahi." Akaendelea kuchagua, akatupa jiwe, akafikiri. "Wameacha watoto?"

"Wamo majini. Kesho wanaota mabawa."

"Basi kula mapema ulale," alisema Bi Salha. "Wana nani mwingine zaidi yako?"